Mshenga Aliyekula Firigisi

Tangu asubuhi Nelima alikuwa ameapa mara tatu kwamba Dismas akija hatamfungulia mlango. Mara ya nne aliapa akiwa amesimama nyuma ya mlango wenyewe, mkono kwenye komeo, na Dismas yuko upande wa pili akipiga hodi.

"Hayuko," akasema.

"Nani hayuko?"

"Huyo unayemtafuta."

"Basi nifungulie wewe unayeongea. Nimekanyaga baisikeli kutoka Ruiru mpaka hapa Thika, na sina pumzi ya kutafuta mwingine."

Akamfungulia. Angefanya nini? Mwanamke anaweza kuapa juu ya mtu asiyemwona, lakini sauti ya Dismas ilikuwa na kawaida ya kuingia ndani kabla ya mwenyewe kukaribishwa. Alisimama pale kizingitini, shati jeupe limejaa vumbi jekundu, suruali imefungwa kamba miguuni isiingie kwenye mnyororo, na macho yake, ee, macho yale yalimtazama Nelima kama mtu aliyepewa maji baada ya safari ndefu. Nelima akatazama pembeni upesi. Alijua akiyatazama sana atasahau alichopanga kusema.

Mama Awiti, mke wa baba yake mdogo, alikuwa uani akichambua maharagwe. Alinyanyua kichwa.

"Yawa! Si tuliambiwa huyu asionekane hapa?"

"Shikamoo, Mama," Dismas akasema.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado, Mama."

"Utakula. Lakini mlango ubaki wazi, na mimi masikio yangu haijazibwa." Akarudi kwenye maharagwe yake, ila kiti akakisogeza hatua mbili karibu na mlango.

Ni vyema msomaji ajue ugomvi huu ulizaliwaje, maana ulizaliwa kwenye sahani.

Dismas alikuwa karani wa balozi wa nchi moja ndogo ya Ulaya, nchi isiyo na koloni hata moja, na huenda ndiyo sababu balozi wao alikuwa na nafasi ya kusalimia watu. Katika karatasi za serikali aliitwa balozi mdogo, ila kwa urefu aliokuwa nao hakuna aliyethubutu kumwita mdogo. Wafanyakazi walimwita Bwana Pole. Ndilo neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza, na alimpa kila mtu: aliyebeba mzigo, aliyefiwa, na hata aliyekaa zake kivulini akitafuna muwa. Hakuwa mwanasiasa. Alianza akiwa kijana wa kubandika lakiri kwenye bahasha, akapanda ngazi moja moja kwa miaka thelathini, na sasa ilikuwa imebaki miwili tu astaafu.

Dismas na Nelima walijuana kwa sababu ya gari la Bwana Pole. Lilipata pancha Ruiru, jeki ikambana Dismas kidole, akapelekwa kwenye zahanati ya shamba la kahawa ambako Nelima alikuwa dresa, mfunga vidonda. Kidole kilipona kwa siku sita. Hata hivyo Dismas aliendelea kuja kufungwa bandeji kwa wiki tano, na Nelima, aliyesoma shule ya misheni na kujua vizuri kidonda kilichopona kinafananaje, aliendelea kukifunga.

Ilipofika wakati wa posa, Dismas hakuwa na baba wala ami, na mtu mzima wa karibu wa ukoo wake alikuwa kule Samia, amelala kitandani na miguu imevimba. Posa bila mshenga ni kelele tu. Alipomweleza bosi wake shida hiyo, mzee yule aliweka kalamu chini.

"Dismas," alisema, "kwa miaka thelathini kazi yangu imekuwa kuingia nyumba za watu na kuomba kitu bila kuwaudhi. Kama siwezi hili, mshahara wangu nimeula bure."

Akaenda. Jumapili moja baada ya ibada aliinama akaingia nyumba ya Mzee Nicanor, baba yake Nelima, nyapara mkuu wa lile shamba la kahawa. Mzee hakujua Kiingereza, na Balozi Kiswahili chake kilikuwa bado cha pole na asante. Dismas angeweza kufasiri, lakini mwoaji hafungui mdomo kwenye posa yake. Kwa hiyo aliitwa Nelima. Wanawake jikoni walishika midomo: binti anajifasiria posa yake mwenyewe! Balozi alisema, "Kijana huyu anampenda binti yako kuliko anavyoipenda kazi yangu, nami simlaumu," na Nelima akalazimika kumweleza hayo baba yake kwa Kiswahili, macho sakafuni, masikio yakimwaka moto.

Mzee Nicanor alifurahi mno. Akachinja jogoo, na firigisi, kipande ambacho kwao hupewa mtu mmoja tu wa heshima, akaiweka mwenyewe katika sahani ya mgeni. Bwana Pole akaila yote. Tangu hapo akawa mshenga kamili, shahidi wa ndoa hiyo maisha yake yote. Na kwao Nelima mshenga aliyekula firigisi hashtakiwi na nyumba iliyomlisha. Ukimshtaki, umeitapika posa, na hakuna wa kuirudisha.

Kosa lilikuwa moja. Mzee Nicanor hakutaka kula raha ile peke yake. Alikuwa ameita kila mwanaume wa kwao aliyefanya kazi Thika na Ruiru aje aone mgeni wake. Walikuja ishirini na watatu, wengine wakakaa madirishani. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, wakati wa Hali ya Hatari, na watu hawakuruhusiwa kukusanyika hivyo bila kibali cha D.O., yaani ofisa wa wilaya. Mzee hakukumbuka kibali. Nani huombea posa kibali?

Kuna mtu alihesabu vichwa. Siku nne baadaye gazeti la masetla, Wazungu wenye mashamba, likaandika kwamba balozi wa nchi ya kigeni amefanya mkutano wa siri na vibarua ndani ya shamba la Mzungu. Masetla wakamwandikia Gavana, wakataka afukuzwe nchini. Kule kwao Balozi bunge likagawanyika: upande mmoja ukasema arudishwe kwa aibu, bila heshima na bila kiinua mgongo, upande mwingine ukasema mtu wa miaka thelathini haondolewi kwa porojo. Ikabaki kungoja ripoti ya D.O. wa Thika, na ripoti ilitaka kujua jambo moja tu: nani aliwaita wale watu?

Meneja wa shamba alimwita Mzee Nicanor ofisini. Akimtaja Balozi, mambo yameisha. Ikiwa aliwaita mwenyewe, basi yeye ndiye aliyevunja sheria. Unyapara utakwenda, na nyumba itakwenda. Na kwa kuwa maneno ya siku ile yote yalipita mdomoni mwa Nelima, sahihi iliyotakiwa Jumatatu ilikuwa yake. Baba yake alimpeleka Thika kwa Mama Awiti akae mbali na Dismas mpaka atie sahihi.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na Dismas alikuwa amekaa mbele yake juu ya kigoda, magoti yakikaribia kidevu.

"Nilikwenda shambani kwanza," akasema. "Askari wa geti akanifukuza. Akanionyesha jina langu limeandikwa."

"Baba ndiye aliliandika."

"Najua. Hati ni yake, ile mistari ya kupanda kilima." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Nelima, usitie sahihi."

Harufu ya magome ya miwati kutoka kiwanda cha dawa ya ngozi ilikuwa imejaa chumba chote. Nelima alivuta shuka ya mezani, akainyoosha mahali palipokuwa pamenyooka tayari.

"Nilijua utasema hivyo. Tangu asubuhi najiambia, akija hataniuliza nimelalaje, ataniuliza habari za kalamu."

"Umelalaje?"

"Vibaya."

"Hata mimi."

Uani maharagwe yalidondoka kwenye bati, moja, mbili, tatu. Nelima aliona kidole cha Dismas, kile cha jeki, kovu lake jembamba chini ya kucha. Alitamani kukishika. Akaikunja mikono yake kifuani ili isimwaibishe.

"Huyo mzee hakuita mtu," Dismas akasema. "Alikuja kwa ajili yangu. Kwa ajili yetu. Ukiandika kwamba alifanya mkutano, kule kwao watamtoa kama mwizi. Miaka thelathini, Nelima! Na mke wake ni mgonjwa, anategemea hicho kiinua mgongo."

"Na mama yangu anategemea nini? Wadogo zangu watano watalala wapi, kwenye mashina ya kahawa?"

"Sikusema—"

"Umesema! Umeniambia nimtupe baba yangu barabarani kwa ajili ya Mzungu mmoja. Mzungu akifukuzwa hapa atapanda meli, atashuka kwao, atakuta nyumba ya mawe. Baba akifukuzwa atashuka wapi? Ana miaka kumi na tisa katika hiyo shamba. Kule nyumbani ndugu zake wamelima mpaka mahali kitanda chake kilikuwa."

"Ni uongo utaandika."

"Najua ni uongo! Unafikiri sijui? Mimi ndiye nilikuwa mdomo wa kila mtu siku hiyo!"

"Pole pole," Mama Awiti akasema kutoka nje. "Jirani wana masikio kama yangu."

Dismas aliinamisha kichwa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilimwumiza Nelima zaidi kuliko kelele.

"Na sisi? Ukimshtaki mshenga, posa imekufa. Wewe ndiye ulinifundisha hiyo."

"Nani alikutuma uchague mshenga wa kuandikwa magazetini? Kulikuwa na mzee wetu Baba Tobias hapa Thika, kulikuwa na mwalimu wa kanisa. Wewe ukataka mtu wa bendera kwenye gari!"

"Na baba yako akataka watu ishirini na watatu wamwone akila naye!"

Hapo kila mmoja akasikia amesema la kweli, na ukweli wa namna hiyo haumfurahishi anayeusema. Nelima aliketi. Walitazamana, na katika kutazamana kule kulikuwa na bandeji zote zile za uongo, na barua zilizopitishwa kwa dereva wa lori la maziwa, na nyumba ya vyumba viwili waliyokuwa wameijenga kwa maneno matupu mpaka wakajua dirisha la jikoni litatazama wapi.

"Nakupenda, Dismas," Nelima akasema. "Nakwambia ujue, kwa sababu Jumatatu nitatia sahihi."

Dismas aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama akiwa amempa mgongo.

"Mimi nilikuwa nimekuja kukwambia nitakuoa hata ukitia," akasema. "Njiani nilikuwa nasema hivyo, kila kilima nasema. Sasa nimefika, nimeona siwezi kuapa. Nitakuwa nakuangalia mezani, nakumbuka. Na wewe utajua nakumbuka."

"Basi nenda."

"Naenda."

"Nenda, basi!"

Akaenda. Mama Awiti alimwita arudi ale, naye akasema asante Mama, siku nyingine. Nelima alisikia mnyororo wa baisikeli ukilia hadi kona ya barabara. Ndipo akalia, na alilia kwa sauti, hakujali jirani wala masikio yao.

Jumapili hakwenda kanisani. Mama Awiti alimletea uji, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nyathina, mwanangu, mimi niliolewa na watu wenu nikiwa sijui hata kusalimia kwa lugha yao," akasema. "Baba yako ndiye alinifundisha. Nikikosea, hacheki. Lakini nikasema kitu ya kumpunguza mbele ya wageni, siku tatu haongei na mimi. Ni mtu mzuri sana, na ni mtu ya kichwa juu. Hiyo kichwa juu ndiyo imetuleta hapa."

"Nifanye nini, Mama?"

"Mimi sijui Kiingereza. Wewe ndiye unajua mambo kwa lugha zote. Kunywa uji."

Jumatatu saa tatu asubuhi Mzee Nicanor alifika kutoka Ruiru amevaa koti lake la kanisa na kofia mikononi. Hakumtazama binti yake usoni. "Habari ya hapa," akasema, kama anamsalimu mtu wa njiani, na Nelima akajua kwamba baba yake hajalala pia.

Ofisi ya D.O. ilinuka wino na mafuta ya taa. D.O. alikuwa kijana wa Kizungu mwenye nywele za rangi ya mahindi, na alionekana kama mtu aliyetamani jambo hili liwe la wilaya nyingine. Kando ya dirisha alikaa Bwana Pole, amekunja miguu yake mirefu chini ya kiti kifupi. Nyuma yake alisimama Dismas. Macho yake yalikuwa mekundu na mashavu yameingia ndani. Alimtazama Nelima mara moja, akashusha macho.

"Kazi imekuwa rahisi," D.O. akasema kwa Kiingereza. "Balozi ameniletea barua. Amekubali mwenyewe kwamba ndiye aliyewaita wale watu. Msichana, wewe ndiye mkalimani wa siku ile. Tia sahihi chini ya yake, kuthibitisha, kisha mwende nyumbani."

Akaisukuma karatasi mezani.

Nelima aliisoma. Ilikuwa imepigwa taipu vizuri, bila kosa hata moja, na herufi e zilikaa juu kidogo ya nyingine. Aliijua taipureta ile. Barua zote alizowahi kuandikiwa na Dismas zilikuwa na e za namna hiyo. Akaelewa. Dismas alitoka Thika Jumamosi akaenda moja kwa moja kwa bosi wake kumweleza, na mzee akaamua kujitwisha kosa. Na aliyeketi kuupiga chapa uongo huo, neno kwa neno, wa kumzika mtu aliyemheshimu kuliko wote ili Mzee Nicanor abaki na nyumba, alikuwa Dismas mwenyewe.

Akanyanyua macho. "Wewe?" akauliza kwa midomo tu.

Dismas akaitikia kwa kichwa.

Lo! Mapenzi yake kwa mtu yule yalimjaa pomoni. Kalamu ilikuwa pale. Baba yake alikuwa pale, kofia inazunguka mikononi. Mstari mmoja tu, na wadogo zake wangelala mahali pao usiku huo.

"Bwana D.O.," akasema, "kabla sijatia sahihi, naomba nimfasirie baba yangu."

"Haina haja. Ni kwa faida yake."

"Mimi ni mkalimani, Bwana. Siwezi kuthibitisha habari za nyumba ya mtu na mwenye nyumba hajazisikia."

Balozi aligeuka akamtazama. Alikuwa ametazamana na watu wengi mezani maishani mwake, na nadhani alijua kinachokuja. "Binti," alisema polepole, "wakati mwingine mkalimani mwema huacha kitu kikapita."

"Ndiyo, Bwana," Nelima akamjibu. "Lakini siku ya posa sikuacha hata neno moja, na lilikuwa neno gumu kuliko hili."

D.O. alipunga mkono kwa uchovu: haya, fasiri.

Nelima akamgeukia baba yake. Alisoma kwa Kiswahili, kwa sauti iliyonyooka, bila kuongeza wala kupunguza. "Baba, hapa imeandikwa hivi. 'Mimi, balozi, niliwaita watu ishirini na watatu katika nyumba ya Nicanor, nyapara. Nicanor hakuwa na habari. Hakuwaalika, wala hakuulizwa. Alikuta watu wamejaa nyumbani kwake, na chakula kilitolewa kwa amri yangu.'"

Kofia iliacha kuzunguka.

"Rudia hapo," Mzee akasema.

"'Hakuwaalika, wala hakuulizwa.'"

"Mbele."

"'Chakula kilitolewa kwa amri yangu.'"

Mzee Nicanor aliinuka. Alikuwa mfupi, lakini wakati ule ofisi yote ilimwinulia macho.

"Hapana," akasema. "Hapana, Bwana D.O. Hiyo barua ni ya uongo."

"Mzee, fikiri vizuri," D.O. akasema kwa Kiswahili.

"Nimefikiri siku nyingi, kichwa inauma. Nilikuwa tayari kusema mgeni ndiye aliita. Mungu anisamehe, nilikuwa tayari. Lakini sikuwa nimesikia vile inasikika! Nyumba ni yangu. Jogoo ni yangu, nilimchinja na hii mkono. Msichana ni yangu. Mtu atoke ng'ambo aite watu kwangu, apike kwangu, na mimi nimekaa hapo kama mbuzi, sijui? Watoto wangu wakisoma hiyo, wataniita baba?" Alijigonga kifuani. "Mimi niliwaita. Mimi, Nicanor. Wote ishirini na tatu, kwa majina. Niliwaita kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Kibali sikuomba. Kama ni makosa, andika makosa yangu. Na huyu mzee andika ni mshenga. Hakuongea siasa. Aliongea mapenzi mpaka mimi nikaona haya."

D.O. alichukua barua ya Balozi, akaitazama, akaikunja mara mbili, akairudishia mwenyewe. Halafu akavuta karatasi safi na kuanza kuandika, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kuandika jambo analoliamini.

Nelima alitia sahihi chini ya maneno ya baba yake. Kisha wakatoka barazani.

Meneja alikuwa amengoja huko nje kusikia matokeo. Alisikia, akasema maneno matatu, akaingia garini mwake. Mzee Nicanor alikuwa na siku kumi na nne za kuhama.

Bwana Pole alitoka akiwa ameinama kwenye mlango, akamshika Mzee mkono kwa mikono yake yote miwili. Nelima akasimama katikati yao, mahali pake pa siku zote.

"Anasema pole sana, Baba. Anasema ataondoka hata hivyo, waya wa kumwita kwao ulifika jana usiku. Masetla wamemchoka, na serikali yake haitaki ugomvi. Lakini kwa ripoti hii ataondoka kama mtu aliyehamishwa. Hawatamwita mwizi."

"Lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo."

Mzee alihesabu kichwani, midomo ikicheza. Kisha akamgeukia Dismas, ambaye tangu watoke alikuwa amesimama pembeni kama mtu asiyejua kama amealikwa.

"Wewe, kijana. Ni wewe ulipiga ile barua taipu?"

"Ni mimi, Mzee."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua."

"Ulikuwa unanitafutia nini?"

Dismas alimtazama Nelima, na safari hii hakushusha macho. "Nyumba, Mzee. Nilikuwa nakutafutia nyumba. Nilimwambia Nelima siwezi kukaa na uongo wake mezani. Nikaona ni afadhali uongo uwe wangu, yeye abaki msafi."

Nelima alijifunika uso kwa kitambaa. Mzee alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji.

"Na huyu mzee akienda," akauliza, "kazi yako?"

"Balozi mpya anakuja na karani wake. Yangu imeisha."

"Kwa hiyo huna kazi."

"Sina, Mzee."

"Nyumba?"

"Ya kazi. Itaenda na kazi."

Mzee Nicanor alivaa kofia yake. Akaangalia barabara ya Thika, akamwangalia binti yake, akakaa kwenye ngazi ya baraza ya ofisi ya serikali kama amekaa kwake, akapigapiga mahali palipobaki kando yake.

"Hata mimi sina," akasema. "Basi kaa hapa. Leo tumelingana, na mshenga wetu angali yupo. Sasa tunaweza kuongea mahari."